Jackie Robinson
Jack Roosevelt Robinson (Cairo, Georgia, 31 Januari 1919 – Stamford, Connecticut, 24 Oktoba 1972) alikuwa mchezaji wa besiboli kutoka Marekani. Alikuwa mtu Mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu za nchi hiyo katika karne ya 20.

Alianza kuichezea Brooklyn Dodgers tarehe 15 Aprili 1947. Msimu huo alitukanwa na kutishiwa kuuawa, lakini alikuwa amemwahidi kiongozi wa timu, Branch Rickey, kwamba hatalipiza. Aliongoza National League kwa kuiba vituo mara 29 na kupewa tuzo ya mchezaji chipukizi bora. Dodgers walitwaa ubingwa wa ligi hiyo, ila walishindwa na New York Yankees katika fainali, michezo 4 kwa 3.

Mwaka 1997 jezi yake namba 42 ilistaafishwa katika timu zote.