Mohamed Amin, Aliyetafuta Riziki kwa Kamera

Marehemu Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943. Mwaka 1963, hajapindukia miaka 20, alifungua Dar es Salaam ofisi yake ya picha, Camerapix. Hakuwa na tajiri wala mshahara: picha ikinunuliwa, amekula, isiponunuliwa, hasara ni yake. Mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964 aliyapiga picha. Mwaka 1966 akafungwa huko karibu mwezi mzima. Alipotoka, alirejea kazini. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Uhabeshi ziliuamsha ulimwengu, misaada ikamiminika. Mwaka 1991 mripuko wa Addis Ababa ulimpotezea mkono, kamera hakuiacha. Alifariki Novemba 1996, ndege iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Ngazija. Mola amrehemu.