Meja Armstrong, Mshindi wa Kelele za Redio

Kila askari aliyepata kushika simu ya upepo anajua kwamba amri isiyosikika ni sawa na amri isiyotolewa. Kwa hiyo yafaa tumkumbuke Edwin Howard Armstrong, aliyezaliwa New York, Marekani, tarehe 18 Desemba, 1890.

Mwaka 1912, angali mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, alivumbua njia ya kuirudisha nguvu itokayo katika valvu ndani ya valvu ile ile, hata sauti hafifu ikawa kubwa. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipelekwa Ufaransa pamoja na Kikosi cha Mawasiliano cha jeshi la nchi yake. Huko, mwaka 1918, alibuni mtambo wa kupokea mawimbi ambao umekuwa msingi wa redio nyingi za baadaye. Alitoka vitani akiwa na cheo cha Meja.

Adui aliyesalia ni kelele za radi na za mashine za umeme. Wengi waliamini kwamba dawa yake ni valvu kubwa zaidi na wati nyingi zaidi katika kituo cha kurushia. Armstrong aliona vingine. Radi huvuruga kimo cha wimbi. Basi yeye akaibebesha sauti mabadiliko ya masafa, si ya kimo. Katika mtambo wa kupokea akaweka valvu inayolishwa umeme mdogo ili ijae upesi. Kila kilichozidi kipimo kilikatwa, na kelele zikakatwa pamoja nacho. Hataza za uvumbuzi huo alipewa tarehe 26 Desemba, 1933.

Mwaka 1940 polisi wa jimbo la Connecticut walikwisha kuutumia mfumo huo katika magari yao, na katika Vita Kuu ya Pili vifaru vya Marekani viliwasiliana kwao. Armstrong aliliruhusu jeshi litumie hataza zake bila malipo.

Raia wenzake hawakumtendea hivyo. Mwaka 1948 aliishtaki kampuni ya RCA kwa kutumia uvumbuzi wake bila haki. Kesi ilimaliza mali yake na kuivunja nyumba yake, na mwishoni mwa Januari, 1954, alijiua. Mjane wake, Marion, aliendelea na mashauri hayo, na mwaka 1967 la mwisho liliamuliwa kwa ushindi wake.

Ndugu askari, sauti ya mwenzako ikufikiapo safi kutoka doria ya mbali, mkumbuke Meja huyu. Hakushindana na kelele kwa kupaza sauti. Alitafuta kwanza mahali zinapoingilia, akapafunga.