John Hanning Speke: Mwindaji aliyevuka Mkata kulitafuta chimbuko la Nile

Mara mbili alivuka nyanda za Mkata na milima ya Usagara, katika maeneo ambayo leo tunayaita Mikumi na Kilosa. Alinusurika mikuki, homa na ugonjwa wa macho, akalifikia ziwa ambalo alisema ndilo chimbuko la mto Nile. Kilichomuua ni bunduki yake mwenyewe, akiwinda kwale nchini kwao Uingereza, siku moja kabla ya mjadala ambao ungemkutanisha na mpinzani wake mkubwa.

Abiria wanaosafiri kwa basi kati ya Morogoro na Iringa huijua vizuri sehemu ile ambapo barabara inakatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Dereva hupunguza mwendo na abiria huchungulia dirishani kutafuta twiga, tembo na nyati. Kanga nao huonekana wakikimbia kwa makundi pembeni mwa barabara. Karne ya 19 misafara ya biashara iliyotoka pwani ilizikatiza nyanda hizi kwa miguu, ikielekea milima ya Usagara, Ugogo na hatimaye Kazeh, karibu na mji wa leo wa Tabora. Katika misafara hiyo alikuwemo ofisa wa jeshi la Uingereza nchini India, John Hanning Speke.

Kijana aliyependa bunduki kuliko vitabu

Speke alizaliwa tarehe 4 Mei 1827 katika kaunti ya Devon, kusini magharibi mwa Uingereza. Familia yake ilikuwa na mashamba makubwa, na nyumba yao ya Jordans ilikuwa karibu na mji wa Ilminster, Somerset. Shule hakuipenda. Alichokipenda ni kutembea mashambani na bunduki.

Katika familia za aina hiyo, kuwinda ndege wa nyikani lilikuwa jambo la kawaida kama ilivyokuwa kupanda farasi. Msimu wa kwale nchini Uingereza huanza tarehe 1 Septemba, baada ya mavuno, na huendelea hadi tarehe 1 Februari katikati ya baridi. Wawindaji wengi walitumia mbwa waliofundishwa kazi maalumu. Mbwa wa aina hiyo hakimbilii ndege wala hamkamati. Hunusa majani, na akishapata harufu husimama kimya kabisa, mara nyingi mguu mmoja wa mbele ukiwa juu na pua ikielekea pale ndege alipojificha. Mwindaji husogea taratibu, kwale huruka ghafla, naye hufyatua marisau, yaani chembe ndogo za risasi zinazotawanyika hewani.

Uwindaji huo una hatari ambayo ni rahisi kuisahau. Kwale hutoa nafasi ya sekunde chache tu, kwa hiyo mwindaji hutembea na bunduki iliyokwisha kushindiliwa, akivuka mitaro, ua na kuta za mawe. Jambo hilo ni muhimu kwa mtu anayetaka kuelewa mwisho wa Speke.

Mwaka 1844, akiwa na umri wa miaka 17, aliingia katika jeshi la Kampuni ya Mashariki ya India. Alipigana vita vya Punjab, na kila alipopata likizo alipanda milima ya Himalaya hadi Tibet, akiwinda, akichora ramani na kukusanya ngozi za wanyama na ndege. Nia yake ilikuwa kwenda Afrika baadaye, akusanye viumbe ambavyo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado hawajaviona, na kuijaza nyumba ya baba yake.

Mikuki ya Berbera

Nafasi ilipatikana mwaka 1854. Alijiunga na Richard Burton, ofisa mwenzake aliyezungumza lugha nyingi, katika safari ya Somalia. Speke alipiga na kukausha ndege na wanyama wengi huko. Sampuli zake zilichunguzwa na mtaalamu Edward Blyth katika jumba la makumbusho la Calcutta. Hadi leo kuna ndege mmoja jamii ya kwera, na swala mmoja wa Somalia, ambao majina yao ya kisayansi yana jina la Speke.

Safari iliishia kwa damu. Aprili 1855 kambi yao karibu na Berbera ilishambuliwa usiku. Mwenzao mmoja aliuawa, Burton alichomwa mkuki uliopenya mashavu yote mawili, naye Speke alikamatwa, akafungwa na kuchomwa mikuki mara 11 kabla ya kujinasua na kukimbilia ufukweni. Baada ya kupona alikwenda kwenye vita vya Crimea, na mwishoni mwa mwaka 1856 alifika Zanzibar pamoja na Burton, safari hii kuyatafuta maziwa makuu ya bara.

Mkata, Usagara na homa ya Rubeho

Msafara uliondoka Kaole, karibu na Bagamoyo, mwezi Juni 1857. Wapagazi walibeba vitambaa, shanga na waya wa shaba, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa fedha za njiani. Walipita Zungomero, kusini mwa milima ya Uluguru, wakavuka Mkata na kuingia Usagara.

Mtu muhimu kuliko wote katika msafara huo, ukiwaacha viongozi wake, alikuwa Sidi Mubarak Bombay. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa utumwani, akapelekwa India, akawa huru na kurudi Zanzibar. Speke hakukijua Kiswahili vizuri wala Kiarabu. Alizungumza na Bombay kwa Kihindustani, na Bombay akayapeleka maneno hayo kwa wapagazi na wenyeji. Karibu kila alichoambiwa Speke kuhusu mito na maziwa kilipitia kwanza kinywani mwa Bombay.

Katika nyanda kama za Mkata, bunduki ilikuwa chombo cha jikoni. Misafara ilinunua nafaka vijijini, lakini nyama ilitegemea shabaha. Swala na nyati walilisha watu wengi, nao kanga na kwale waliingia kwenye chungu cha viongozi.

Lakini katika milima ya Rubeho, magharibi mwa Kilosa, bunduki hiyo hiyo iligeuka tishio. Burton na Speke walikuwa wameugua tangu bondeni. Septemba 1857, wakiwa wanapanda mlima, Speke alishikwa na homa kali iliyompanda kichwani. Aliweweseka na kufanya fujo kiasi kwamba wenzake walilazimika kumwondolea silaha zake asije akajidhuru au kumdhuru mtu. Alipata nafuu baada ya siku chache, akavuka milima akiwa bado dhaifu.

Ziwa lililozaa ugomvi

Walifika Kazeh Novemba 1857 na Ujiji Februari 1858. Speke alikuwa karibu kipofu kwa ugonjwa wa macho, na ziwa Tanganyika alilivuta macho kwa shida. Waliporudi Kazeh, Burton akiwa mgonjwa, Speke aliomba aende kaskazini kulitazama ziwa jingine ambalo wafanyabiashara walilizungumzia. Aliondoka na Bombay na kikosi kidogo mwezi Julai. Tarehe 3 Agosti 1858, akiwa karibu na Mwanza, alisimama mbele ya maji ambayo upande wake wa pili haukuonekana.

Wenyeji walikuwa wakiliita Nyanza, na Waganda wanaliita Nalubaale. Speke alilipa jina la malkia wake, Victoria, na papo hapo akaamini kwamba mto Nile unatoka humo. Hakuwa ameuona mto wowote ukitoka ziwani. Alikuwa na kimo cha ziwa alichokipima, maelezo ya wafanyabiashara na hisia zake. Burton alikataa kuupokea ushahidi huo, na urafiki wa watu waliouguzana njiani ukavunjika.

Speke alitangulia kufika London Mei 1859 na kuitangazia habari hiyo Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia. Burton alipofika wiki mbili hivi baadaye, alikuta safari mpya imekwisha kupewa mwenzake.

Bunduki katika ikulu ya Kabaka

Safari hiyo ilianza Bagamoyo mwaka 1860. Speke alikuwa na James Augustus Grant, rafiki yake wa India, na Bombay alikuwa naye tena. Kwa mara ya pili alivuka Mkata na kupanda Usagara. Huko Karagwe, kwa mfalme Rumanika, alimpata nzohe, mnyama jamii ya pongo anayeishi kwenye vinamasi. Jina lake la kisayansi, Tragelaphus spekii, linatokana na safari hiyo.

Februari 1862 alipokelewa na Kabaka Mutesa wa Kwanza wa Buganda. Zawadi zake zilikuwa pamoja na bunduki, na kilichompa nafasi ikuluni ni shabaha yake kwa ndege. Mutesa alishangilia kuona korongo na tai wakianguka kutoka mitini, akataka kujifunza. Lakini kitabu cha Speke mwenyewe kinasimulia pia tukio la kutisha: Kabaka alimpa kijana wa ikulu bunduki aliyoletewa na mgeni, akamwagiza akaijaribu kwa kumpiga mtu nje. Kijana alirudi akifurahi kwamba imefanya kazi. Speke aliandika kwamba hakuna aliyeonyesha kujali marehemu alikuwa nani. Silaha iliyomfungulia milango ya ikulu ilikuwa imemuua mtu asiye na hatia.

Tarehe 28 Julai 1862 Speke alifika mahali ambapo maji yanatoka ziwani kuelekea kaskazini, karibu na mji wa leo wa Jinja. Aliyaita maporomoko ya Ripon. Grant, ambaye mguu wake ulikuwa umemtesa kwa miezi mingi, hakuwepo. Februari 1863 wawili hao waliingia Gondokoro, Sudan Kusini ya leo, wakakutana na Samuel Baker aliyekuwa akipandisha Nile.

Saa kumi jioni, ukutani

Uingereza ilimpokea kama shujaa, lakini maswali hayakuisha. Alikuwa hajalizunguka ziwa, na sehemu ya mto hakuifuata. Je, lilikuwa ziwa moja au kadhaa? Iliamuliwa kwamba yeye na Burton wakutane hadharani mjini Bath tarehe 16 Septemba 1864, mbele ya wanasayansi wa taifa zima. Speke hakuwa msemaji mzuri, na Burton alijulikana kwa ulimi mkali.

Tarehe 15 Speke aliondoka mkutanoni mchana. Alikwenda karibu na Neston Park, kwa jamaa zake, kuwinda kwale na binamu yake na mlinzi wa mawindo. Yapata saa kumi jioni alikuwa akipanda ukuta mfupi wa mawe. Bunduki yake ya mitutu miwili haikuwa na kizuizi cha usalama. Binamu yake alisikia mlio, akageuka na kumwona akianguka. Marisau yalikuwa yameingia kifuani upande wa kushoto, chini ya kwapa. Alifariki kabla daktari hajafika. Alikuwa na umri wa miaka 37.

Baraza la uchunguzi liliamua kuwa ilikuwa ajali. Uvumi kwamba alijiua kwa kuogopa mjadala ulienea hata hivyo, na umerudiwa kwa miaka mingi. Lakini kwapani si mahali ambapo mtu anayetaka kujiua na bunduki ndefu angepalenga, na mwindaji anayevuta bunduki iliyoshindiliwa nyuma yake akivuka ukuta yuko katika hatari inayofahamika na kila mwindaji. Alizikwa Dowlish Wake, Somerset. David Livingstone alikuwa miongoni mwa waliohudhuria.

Nani alikuwa sahihi?

Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa Victoria kwa mashua na kuthibitisha kwamba ni ziwa moja kubwa, na kwamba mto wake mkubwa unatoka pale Speke alipopaonyesha. Wanajiografia wa leo huongeza kwamba ziwa lenyewe hupokea maji ya mito mingine, hasa Kagera, kwa hiyo chimbuko la mbali zaidi liko milimani Burundi na Rwanda. Lakini katika hoja yake kuu Speke hakukosea.

Neno kugundua, hata hivyo, linahitaji uangalifu. Wavuvi wa ziwani, wafanyabiashara wa Kazeh na wapagazi walilijua ziwa hilo kabla yake. Alichokifanya Speke ni kuyaunganisha maarifa hayo na ramani za Ulaya, na asingeweza kufanya hivyo bila watu kama Bombay, ambaye baadaye aliwaongoza pia Stanley na Cameron, na Jumuiya ya Jiografia ikamtambua kwa medali na pensheni.

London imemjengea Speke mnara wa mawe mekundu katika bustani ya Kensington. Mkata hakuna mnara. Mwaka 1964, miaka 100 baada ya kifo chake, sehemu ya nyanda alizovuka ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Leo kanga na kwale wa huko hawaruhusiwi kuwindwa, na kinachowaelekea wanapokatiza barabara ni kamera.