Al-Battani: Aliyelipima Jua Upya



Asubuhi ya Ijumaa, 15 Januari 2010, Jua lilipatwa juu ya Uganda. Nilikuwa na miaka minane. Baba alitukataza kuliangalia kwa macho, akatupeleka chini ya mwembe wa nyumbani. Vidoa vya mwanga vilivyopenya majani vikageuka pete ndogo ndogo, ardhi nzima ikajaa pete. Tukaswali swala ya kupatwa kwa Jua. Nilibaki na swali moja: mbona Mwezi haukulifunika Jua lote?

Jibu nililikuta chuoni, katika maisha ya Abu Abdallah Muhammad ibn Jabir al-Battani.

Alizaliwa katika nchi ya Harran, kabla ya mwaka 858 au karibu na hapo. Jamaa zake wa zamani walikuwa Wasabai. Yeye alikuwa Muislamu. Aliishi Raqqa, kando ya mto Furati, katika Syria ya leo. Hapo, kuanzia mwaka 264 Hijria (877) hadi 306 Hijria (918), alipima mbingu. Ni zaidi ya miaka 40 ya kazi ileile, bila darubini, maana ilikuwa haijavumbuliwa.

Kitabu kikubwa cha falaki zama hizo kilikuwa cha Ptolemy wa Alexandria, aliyeishi karne saba nyuma. Al-Battani alimheshimu sana, na heshima yake ilikuwa kupima tena. Ptolemy alilihesabu Jua kuwa na upana uleule angani mwaka mzima. Al-Battani alikuta upana huo unabadilika: Jua linapokuwa mbali nasi huonekana dogo kidogo, linapokaribia huonekana kubwa. Kwa hiyo akaonyesha kwamba Mwezi ukiwa mbali unaweza kupita katikati ya Jua na kuacha pete ya mwanga pembeni. Hizo ndizo pete zangu za chini ya mwembe, zimeelezwa zaidi ya miaka elfu moja kabla sijaziona.

Nyota nazo alizipima. Aliorodhesha mahali pa nyota 489. Ptolemy alisema nyota zinasogea digrii moja kwa miaka 100. Al-Battani akapata miaka 66. Vipimo vya leo vinasema takriban 72. Hakufika, lakini alikaribia zaidi ya mwalimu wake.

Sasa nije kwenye makosa yake, maana ndiyo yaliyonifunza zaidi. Kujua ukubwa wa Jua kunahitaji mambo mawili: upana wake kwa pembe, na umbali wake. Pembe aliipima mwenyewe. Umbali aliutafuta kwa njia iliyorithiwa kwa Ptolemy, ya kutumia kupatwa kwa Mwezi, ambayo kosa dogo la kipimo huharibu jibu lote. Akapata kwamba Jua liko mbali mara 1,108 ya nusu kipenyo cha Dunia. Ukweli ni takriban mara 23,500. Ndiyo maana kipenyo cha Jua kwake ni mara tano na nusu tu ya Dunia, wakati hasa ni mara 109, karibu kilomita 1,392,000. Na urefu wa mwaka aliupunguza kwa dakika mbili na ushei, kwa sababu alilinganisha vipimo vyake mwenyewe, vilivyokuwa vizuri, na tarehe za Ptolemy zilizokuwa na kosa.

Ndugu zangu, niliposoma hapo niliona haya. Mwaka wa kwanza, katika maabara, nilipima mvutano wa Dunia kwa kitufe cha chuma kilichoning'inizwa kwa uzi. Nilipata 9.2. Kitabu kinasema 9.8. Nikabadilisha namba zangu zilingane na kitabu, nikapewa alama nzuri. Baada ya kumsoma al-Battani nilirudi nikapima upya. Kumbe nilikuwa nimepima urefu wa uzi peke yake, sentimita 30, bila kufika katikati ya kitufe, sentimita mbili zaidi. Namba yangu ya kwanza ilikuwa ya kweli. Ilikuwa inanionyesha kosa langu, nami nikaifuta.

Al-Battani hakufuta. Aliandika vipimo vyake katika Zij yake, pamoja na tarehe. Karne ya 12 kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kilatini, mwaka 1537 kikachapishwa Nuremberg, na Copernicus akakitegemea mara nyingi. Kwa kuwa namba zilikuwa wazi, waliokuja baadaye waliweza kuona alipokosea na kusahihisha.

Uzeeni alikwenda Baghdad pamoja na watu wa Raqqa waliokwenda kulalamikia dhuluma waliyofanyiwa. Njiani wakirejea, mwaka 317 Hijria (929), alifariki mahali paitwapo Qasr al-Jiss. Mzee aliyezoea kuhesabu nyota alifia safarini na majirani zake waliokuwa wakidai haki. Naona ni amana ileile: kutokubali kipimo cha uongo, kiwe cha mbinguni au cha watawala.

Wiki hii wengi wetu tunaingia maabara. Ukipata namba isiyolingana na kitabu, iandike kama ilivyo, kisha utafute sababu.

Mwenyezi Mungu amrehemu al-Battani, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.