Thyagaraja Bhagavathar: Sauti Iliyomzidi Umri Mwenyewe

Kwa mnasaba wa maadhimisho ya hekalu letu, tumeona vema kuwakumbusha wasomaji maisha ya M. K. Thyagaraja Bhagavathar, mwimbaji na mwigizaji mashuhuri wa kusini mwa India. Sisi wenye asili ya Gujarat hatukulelewa katika Kitamil. Hata hivyo bhajan haina mpaka, na maisha ya mtu huyu yana funzo kwetu sote.

Alizaliwa mwaka 1910 huko Mayavaram, katika familia ya masonara, ambayo baadaye ilihamia Tiruchirappalli. Baba alitaka mwanawe arithi kazi ya dhahabu, lakini mtoto hakupenda ila kuimba. Akatoroka nyumbani hadi Kadapa. Baba alipomfuata, alimkuta akiimba huku watu wamemzunguka, naye akaridhia mwanawe aifuate njia yake. Sisi tuliorithi maduka ya baba zetu twaelewa uzito wa ridhaa ile.

Alianza katika vikundi vya bhajan. Ndipo F. G. Natesa Iyer, ofisa wa reli aliyependa tamthilia, alipomsikia na kumpa nafasi ya mwana wa Mfalme Harishchandra jukwaani. Akafunzwa muziki wa Karnataki, na baadaye akapata jina la Bhagavathar, heshima wapewayo waimbao sifa za Mungu. Mwaka 1934 aliingia katika senema kwa filamu ya Pavalakkodi.

Mwaka 1937 ulimfikisha kileleni. Filamu ya Chintamani ilionyeshwa kwa zaidi ya mwaka mzima, na mwaka huohuo ikatoka Ambikapathy, iliyoongozwa na Mmarekani, Ellis R. Dungan, ambaye hakujua Kitamil. Nyimbo zake zilitungwa na Papanasam Sivan. Kisa chake ni cha mapenzi. Ambikapathy, mwana wa Kamban aliyetunga Ramayana ya Kitamil, anampenda binti wa mfalme wa Chola. Mfalme anamtaka aimbe beti mia moja za kumsifu Mungu, pasiwe na neno hata moja la mapenzi ya dunia, akishindwa, atauawa. Binti anazihesabu, lakini anaujumlisha wimbo wa dua ya kufungulia. Kijana, akidhani amemaliza, anamwona mpenzi wake na kuimba uzuri wake. Kumbe zilikuwa tisini na tisa tu, na ubeti mmoja ukayagharimu maisha yake.

Mwaka 1944 ilitoka Haridas, kisa cha mwana aliyewadharau wazazi wake kisha akatubu na kuwatumikia, kinachofanana na kile cha Pundalik tunachokijua. Filamu hiyo ilionyeshwa katika ukumbi mmoja mjini Madras hadi Dipavali tatu zikapita. Lakini kabla mwaka huo haujaisha, Bhagavathar alikamatwa pamoja na mchekeshaji N. S. Krishnan kwa shutuma ya kushiriki katika mauaji ya mwandishi wa habari, Lakshmikanthan. Wakahukumiwa kifungo cha maisha. Rufaa ilifika hadi Baraza la Mfalme huko London, lilelile lililosikiliza rufaa za makoloni ya Afrika Mashariki. Mwaka 1947 wakaonekana hawana hatia, wakaachiliwa.

Sheria ilimrudishia uhuru wake; umaarufu haukurudi. Kesi ilikuwa imemmalizia mali nyingi, na filamu alizotengeneza baadaye hazikupata watazamaji kama zamani. Wale waliojaza kumbi kwa ajili yake walikuwa wamekwisha kupata vipenzi wengine. Hata hivyo hakuacha kuimba. Alifariki Madras tarehe 1 Novemba 1959, kabla hajatimiza miaka hamsini.

Tunajiuliza: alidhulumiwa zaidi na nani, mahakama iliyomfunga au umma uliomsahau? Mahakama angalau ilisahihisha kosa lake. Nasi katika jumuiya yetu tumewahi kuwaona watu waliopatwa na msiba wa kesi au wa biashara, wakasafishwa, lakini viti vya kando yao vikabaki vitupu. Katika maadhimisho haya, pamoja na kuchangia ukarabati na mapambo ya hekalu, yafaa tumkumbuke pia ndugu wa namna hiyo, tumpigie hodi, tumlete arati na kumketisha kando yetu. Mali na sifa hupita. Bhagavathar alianza na bhajan, na hazikumwacha alipoachwa na watu.