Thomas Clarkson: Aliyezunguka bandari kufichua biashara ya watumwa

KATIKA historia ya kukomeshwa kwa biashara ya watumwa ya Bahari ya Atlantiki, jina linalotajwa kwanza mara nyingi ni la mbunge wa Uingereza, William Wilberforce. Lakini sehemu kubwa ya ushahidi alioutumia bungeni ilikusanywa na mtu mwingine, aliyezunguka nchi kwa farasi akiwaeleza wananchi jinsi sukari waliyotia kwenye chai ilivyopatikana.

Mtu huyo ni Thomas Clarkson, aliyezaliwa Machi 28, 1760 katika mji wa Wisbech, mashariki mwa Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu mkuu, naye aliandaliwa kufuata njia hiyo ya kanisa.

Mwaka 1785, akiwa na umri wa miaka 25, alishiriki shindano la insha ya Kilatini katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Swali lilikuwa iwapo ni halali kuwafanya watu watumwa bila ridhaa yao. Clarkson aliingia kutafuta sifa ya ushindi tu, na sifa hiyo akaipata. Hata hivyo, aliyoyasoma yalimnyima usingizi. Akiwa safarini kwenda London, karibu na kijiji cha Wadesmill, alishuka kwenye farasi na kuketi kando ya barabara, akiwaza kwamba ikiwa aliyoyaandika ni kweli, lazima apatikane mtu wa kuyakomesha.

Mei 22, 1787, watu 12 walikutana London na kuunda kamati ya kupinga biashara hiyo. Tisa kati yao walikuwa waumini wa madhehebu ya Quaker. Clarkson ndiye aliyetumwa kwenda bandarini kukusanya ushahidi.

Huko Bristol aliingia usiku katika vilabu vya pombe na kushuhudia mabaharia wanavyoandikishwa. Vijana walileweshwa, wakaingizwa katika madeni, kisha wakatakiwa kuchagua kati ya jela na meli ya watumwa. Mtego huo wa deni na ahadi za uongo haujafa. Mawakala wa usafirishaji haramu wa binadamu wanautumia hadi leo.

Liverpool ilikuwa hatari zaidi. Dukani alinunua pingu, vyuma vya kubana vidole gumba, na kifaa cha kupanua kinywa kilichotumika kuwalisha kwa nguvu mateka waliogoma kula. Siku moja kundi la wanaume lilimzingira gatini likitaka kumsukuma baharini, naye akaponea chupuchupu.

Vifaa hivyo alivionyesha kila alikokwenda. Alibeba pia sanduku la bidhaa za Afrika, zikiwamo nguo zilizofumwa kwa ustadi, pembe za ndovu, pilipili na mbao, ili wananchi waone kwamba bara hilo lina mali halali ya kuuza na watu wenye maarifa. Mjini Manchester, alikohutubia kanisani mwaka 1787, watu zaidi ya 10,000 walitia saini ombi la kulitaka bunge kuchukua hatua.

Mwaka 1789 kamati ilisambaza mchoro wa meli ya Brookes ya Liverpool, ukionyesha watu 482 wamelazwa wakibanana kama magunia. Kabla ya hapo meli hiyo iliwahi kubeba zaidi ya 600. Mchoro huo ulibandikwa majumbani na katika vilabu, ukawafikia hata wasiojua kusoma.

Wafanyabiashara walijitetea kwamba watu waliouzwa walikuwa mateka wa vita au wahalifu. Clarkson alisikia habari za baharia mmoja aliyeshuhudia mambo tofauti, ila hakujua jina lake wala meli yake. Alikwenda kutoka bandari moja hadi nyingine akipanda meli za kivita zilizoegeshwa, zaidi ya 300 kwa jumla, hadi alipomkuta Isaac Parker huko Plymouth. Baharia huyo alieleza jinsi, katika eneo la Calabar, walivyopanda mto kwa mitumbwi, wakajificha vichakani mchana, na usiku wakavamia vijiji na kukamata watu.

Hata hivyo, mwaka 1791 bunge liliukataa muswada wa Wilberforce kwa kura 163 dhidi ya 88. Wananchi hawakukata tamaa. Maelfu ya familia zilisusia sukari ya visiwa vya Karibi, na mwaka 1792 maombi 519 yalifikishwa bungeni.

Vita na Ufaransa vilizima vuguvugu hilo, na mwaka 1794 Clarkson, aliyechoka mwili na kuishiwa fedha, alijiondoa. Alirejea miaka kumi baadaye, na Machi 25, 1807 biashara hiyo ikapigwa marufuku kwa Waingereza. Upande wetu wa Bahari ya Hindi iliendelea. Soko la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873.

Utumwa wenyewe ulikuwa haujaguswa. Akiwa amevuka umri wa miaka 60, Clarkson alipanda tena gari la farasi kuanzisha kamati mpya wilayani, hadi sheria ya kuufuta katika makoloni mengi ya Uingereza ilipopitishwa mwaka 1833.

Mwaka 1838 wanawe Wilberforce walichapisha kitabu kilichoufifisha mchango wake, ingawa baadaye walimwomba radhi. Alifariki dunia Septemba 26, 1846 huko Playford. Bamba la kumkumbuka katika kanisa la Westminster Abbey, alikozikwa Wilberforce, liliwekwa mwaka 1996. Sanduku lake limehifadhiwa katika makumbusho ya Wisbech.