William Rowan Hamilton: Aliyechonga hesabu kwenye jiwe la daraja

KIJANA wa Kisii au Nyamira anayejifunza kuchora picha za kompyuta kwa lugha ya C hafiki mbali kabla ya kukutana na neno versor. Ndilo jina ambalo cglm, maktaba ya hisabati inayompa mwandishi wa programu kanuni zilizo tayari, imelipa fungu la namba nne zinazoeleza jinsi kitu kilivyozungushwa.

Neno hilo halikubuniwa na mafundi wa kompyuta. Lilibuniwa na Sir William Rowan Hamilton, mwanahisabati wa Ireland aliyefariki mwaka wa 1865. Ndiye pia aliyeyapa maneno vekta na skala maana yake katika hisabati.

Hamilton alizaliwa Dublin usiku wa manane kati ya Agosti 3 na 4, 1805. Babake alikuwa wakili. Akiwa na umri wa miaka mitatu alipelekwa mjini Trim kulelewa na amu yake James, kasisi aliyeendesha shule, na huko akafunzwa Kilatini, Kigiriki na Kiebrania angali mtoto mdogo.

Mnamo 1827, akiwa bado mwanafunzi wa Trinity College na kabla hajatimiza miaka 22, aliteuliwa profesa wa elimu ya nyota na kukabidhiwa kituo cha Dunsink. Kazi ya kukesha akitazama nyota haikumvutia sana. Moyo wake ulikuwa kwenye hesabu, na kwa Catherine Disney, msichana aliyempenda ambaye jamaa zake walikuwa wamemwoza mwanamume mwingine. Alimwoa Helen Bayly mwaka wa 1833, wakajaliwa watoto watatu.

Wakati huo ilijulikana kwamba jozi ya namba inaweza kuelezea mzunguko wa kitu juu ya karatasi bapa. Hamilton alitaka namba tatu zifanye kazi hiyo hiyo angani, mahali penye urefu, upana na kina. Aliweza kuzijumlisha; kuzizidisha kulimshinda kwa miaka mingi, hata wanawe wakawa wanamuuliza kila asubuhi kama amefaulu.

Oktoba 16, 1843, akitembea na mkewe kando ya mfereji wa Royal Canal kuelekea mkutanoni, aling'amua kwamba zilihitajika namba nne, si tatu. Alitoa kisu akachonga kanuni hiyo kwenye jiwe la daraja la Broome. Namba hizo akaziita kuaternioni.

Ajabu yake ni kwamba katika hesabu hizi, A mara B si sawa na B mara A. Mchongaji wa mawe ya sabuni kule Tabaka hahitaji kufundishwa hilo. Akisimamisha kinyago kikimtazama, akakilaza kifudifudi kuelekea kwake kisha akakigeuza robo mzunguko juu ya meza, uso utabaki chini na kichwa kitaelekea upande. Akianza kwa kukigeuza robo kikiwa kimesimama, ndipo akilaze kuelekea kwake, kitalala ubavu. Mizunguko ni ile ile, ila mpangilio umebadilika.

Haki inadai isemwe kwamba Mfaransa Olinde Rodrigues alikuwa amechapisha kanuni za mizunguko kama hiyo mnamo 1840, bila kupata sifa aliyostahili.

Hamilton aliutolea uvumbuzi huo miaka 22 iliyomsalia. Aliandika vitabu viwili vikubwa mno, kimoja kikatoka mwaka wa 1853 na kingine baada ya kifo chake. Waliovisoma walikuwa wachache, naye katika miaka hiyo alitatizwa na ulevi. Alifariki Septemba 2, 1865. Baadaye Josiah Willard Gibbs na Oliver Heaviside walichukua sehemu ya vekta na kuiacha iliyobaki, na kwa miongo mingi kuaternioni zikaonekana mzigo usio na faida.

Kompyuta ndizo zilizozifufua. Anayezungusha kitu kwa pembe tatu, moja baada ya nyingine, hufika mahali ambapo mihimili miwili inalaliana na upande mmoja wa mzunguko unapotea. Kuaternioni hazina kasoro hiyo, tena huhifadhi namba nne badala ya tisa za matriksi. Mwaka wa 1985 Ken Shoemake alionyesha jinsi ya kuzitumia kupitisha picha kutoka mkao mmoja hadi mwingine bila kushtuka. Katika cglm kazi hiyo hufanywa na glm_quat_slerp, na kuzidisha hufanywa na glm_quat_mul. Anayepindua mpangilio wa namba katika glm_quat_mul ataona chombo chake kimelala ubavu kwenye skrini.

Maandishi ya kisu yalifutika zamani. Mwaka wa 1958 Eamon de Valera, kiongozi wa Ireland aliyewahi kufundisha hisabati, alizindua kibao cha kumbukumbu darajani, na kila Oktoba 16 wapenda hesabu hutembea kutoka Dunsink hadi hapo.